Roboti Akisema Bado

Sogeeni karibu, watoto wazuri. Leo tunaye msichana Tausi na vifaranga wake wa kuku.

Tausi aliishi na Shangazi Sikujua. Kazi ya Shangazi ilikuwa kuandika programu, yaani kuiambia kompyuta la kufanya.

Uani kwao kulikuwa na roboti watatu. Shangazi aliwaunda kwa makopo ya maziwa. Chota alimwaga maji kwa bomba lake. Beba alibeba pumba. Funika aliwafunika vifaranga kwa tenga.

Wote walifanya kazi kwa pamoja.
Chururu, chururu. Kiri, kiri, kiri. Taratiiibu, tenga likashuka.

Jioni moja Tausi alishikwa na usingizi mapema. Akaandika neno moja kwenye kompyuta: ZIMA. Akaenda zake kulala.

Kiri... kimya. Beba akasimama njiani. Tenga la Funika likaning'inia hewani.
Na bomba la Chota? Lilibaki wazi, jamani. Chururu, chururu, chururu.

Asubuhi uani palikuwa dimbwi. Kijivu, kifaranga mdogo kuliko wote, alikuwa amelowa chepechepe. Alitetemeka tu.

Tausi alilia sana. Alimpenda Kijivu kuliko wote.

Shangazi hakugomba. Alimviringisha Kijivu kwenye khanga, akamweka juani.
"Zima ni neno la taa," alisema. "Anayefanya kazi huambiwa maliza. Kisha unamngoja."

Basi wakaibadilisha programu, wao wawili. Sasa kila roboti angeweza kujibu, kwa sauti nyembamba ya kopo.

Jioni Kijivu alikuwa mkavu, anadonoa. Tausi akaandika: MALIZENI.

"Chota, tayari?"
"Bado."
"Haya, nangoja."

Chururu... chu... ru... tii. Bomba likafungwa.
"Tayari," alisema Chota.

"Beba, tayari?"
"Bado."
"Haya, nangoja."

Tausi akapiga miayo. Akangoja. Akapiga miayo tena.

"Beba, tayari?"
"Bado."

Lo, huyu Beba naye! Macho ya Tausi yalikuwa mazito. Kidole chake kikaanza kuitafuta herufi ya kwanza ya ZIMA.

Halafu akakumbuka jinsi Kijivu alivyotetemeka. Akakirudisha kidole chake. Akatoka uani kutazama.

Mnajua alikuta nini? Kijivu amelala juu ya pumba, ndani ya kopo la Beba! Beba angemmwagaje?

Kama Tausi angezima, Kijivu angelala nje ya tenga. Na usiku mwingine paka wa jirani hupita hapo.

Tausi alimnyanyua kwa viganja viwili, polepole. Akamlaza katikati ya ndugu zake.
"Pii," alisema Kijivu.

Sarrr, Beba akamwaga pumba.
"Tayari," alisema Beba.

"Funika, tayari?"
"Bado."
"Haya, nangoja."

Taratiiibu, tenga likashuka. Likatua chini.
"Tayari," alisema Funika.

Hapo ndipo Tausi akaandika ZIMA. Uani kukawa kimya, kimya kizuri.

Shangazi alimbeba mgongoni hadi kitandani. Akamfunika shuka, akamwuliza habari za Kijivu.

"Mzima, Shangazi," alisema Tausi. Akalala fofofo.