Faili Lililonenepa

Faili lilikuwa zito mno. Hapo ndipo kinyaa kilipoanzia.

Mwalimu alifundisha kazi za ofisi za kompyuta kupitia mtandao. Kila mchana, mumewe akiwa kwenye shughuli zake za kutengeneza friji, alijifungia katika chumba cha nyuma, akarekodi skrini yake huku akieleza, kisha akawatumia wanafunzi somo. Wengi wao walikuwa na vifurushi vya intaneti vya kuungaunga, kwa hiyo kabla ya kuanza alikadiria kwanza: ukubwa wa picha, fremu kwa sekunde, urefu wa somo. Skrini iliyotulia haili nafasi, maana kompyuta huhifadhi zaidi kile kinachobadilika. Somo la nusu saa halikupaswa kuzidi megabaiti mia.

Siku hiyo lilifika gigabaiti mbili.

"Umesahau kupunguza ubora," mumewe alimwambia jioni, huku akinusanusa. "Na humu ndani kumekufa nini? Panya?"

"Sijasahau kitu. Na panya nimemtafuta mpaka nyuma ya kabati."

Kesho yake alishusha fremu kutoka thelathini hadi kumi, akapunguza picha, akarekodi jedwali tupu bila kugusa chochote. Faili likazidi lile la jana. Alipolitazama aliona jedwali jeupe, kimya, ila kwenye kona palikuwa na ukungu kama doa la mafuta kwenye karatasi. Doa lilikuwa linapumua. Harufu nayo ikapanda, tamu na chachu, kama ya nyama iliyosahauliwa kwenye maji.

Kitu kinasogea mle, aliwaza, ila ubora huu ni mdogo, siwezi kukiona. Akapandisha kila kitu hadi mwisho, akarekodi upya.

Safari hii doa lilifunguka likawa ulimi, mnene, wa kijivu, wenye nywele zilizolowa, nao ulikuwa unalamba kioo kwa ndani, taratibu, kona hadi kona, ukiacha ute wa njano ambao funza walijikunjakunja ndani yake, wakijipanga kwenye visanduku vya jedwali, kila kisanduku na funza wake, na nyuma ya ulimi palikuwa na ufizi usio na meno uliokuwa ukiiga sauti yake mwenyewe, "bonyeza hapa, kisha hapa," mpaka alipoegemea meza ili ainuke, akakuta kiganja kimenata, akakivuta na uzi mrefu wa mate ya vuguvugu ukavutika nacho, akatapika juu ya kibodi.

Mumewe hakutania tena. Alimleta shangazi yake, mtu wa kutoa majini, ambaye alifika mlangoni akaziba pua kwa ncha ya mtandio.

"Huyu anashiba akitazamwa," alinong'ona. "Kadiri ulivyomwonyesha vizuri, ndivyo alivyonenepa. Futa yote, mwanangu. Yote."

Mwalimu alifuta mafaili moja baada ya jingine. Shangazi akasoma dua zake, akachomeka vidole kwenye matundu ya kupitishia hewa ya kompyuta, akavuta. Kikatoka kitu kama kamasi iliyosokotwa na nywele, kirefu, kikijikaza na kukoroma, kikajaza ndoo. Walikichoma uani kwa mafuta ya taa. Kilichuruzika usaha, kikalia kwa sauti ya mwalimu, kikanyamaza.

Harufu ikaisha. Mwalimu akarekodi jedwali tena; faili likatoka jepesi, sawasawa na alivyokadiria. Akalia kwa furaha.

"Amekwisha, shangazi?"

"Humu ndani amekwisha," shangazi alisema, akinawa mikono kwa sabuni tena na tena. "Lile la kwanza hukumtumia mtu?"

Mwalimu alitazama simu yake. Alikuwa amelituma. Wanafunzi walikuwa wanasubiri mtihani, kwa hiyo alilibana likawa dogo, akalituma kwa darasa zima.

Simu ikaita. Alikuwa mama wa mwanafunzi mmoja, akiongea kwa kunong'ona.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Binti yangu tangu aangalie somo lako haachii simu. Anakilamba kioo. Nimemfungua mdomo kwa nguvu nimtazame." Akameza mate. "Mwalimu, ulimi wa mwanangu umeota nywele."