Dakika Moja ya Ukimya

Boksi namba tano lilikuwa na kila kitu isipokuwa simu.

Stendi ya miguu mitatu ilikuwemo. Kipaza sauti cha kubana kwenye kola kilikuwemo, pamoja na kifuniko chake cha manyoya cha kuzuia upepo, ambacho wanafunzi walikiita paka. Taa ndogo ilikuwemo. Hata kitambaa cha kufutia kioo kilikuwemo, kimekunjwa vizuri.

Inspekta alimshika paka yule kwa vidole viwili, akamgeuzageuza. Mwizi aliyeacha vitu vyote hivi vya kuingia mfukoni, akachukua simu peke yake, alimvutia.

Kituoni walimwita Kwanini, tena mbele yake, na yeye hakukasirika. Aliamini kwamba kesi nyingi huharibika kwa sababu askari huuliza "nani" kabla ya kuuliza "kwa nini".

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya tatu ya kampuni ya gazeti. Meza nane, maboksi nane, waandishi wanane waliokuwa wakifundishwa kwa siku tano kutengeneza habari za video kwa simu ya mkononi. Hii ilikuwa siku ya nne. Ubaoni mkufunzi alikuwa ameandika sheria zake kwa herufi kubwa. LALISHA SIMU. FUTA KIOO. USIAMINI KIDOLE, AMINI NAMBA.

"Hii ya mwisho maana yake nini?" Inspekta aliuliza.

Mkufunzi, ambaye kwa kelele zake za kutaka simu ilalishwe upande alishabatizwa Mlalo, alieleza kwamba mtu hubonyeza kitufe akadhani anarekodi, kumbe harekodi. Dawa yake ni kuzitazama namba za muda juu ya kioo. Zikitembea, unarekodi. Zikisimama, unajidanganya.

Inspekta alikohoa. Kwenye harusi ya mpwa wake alikuwa amerekodi dakika arobaini za ndani ya mfuko wake wa suruali, na dada yake hajamsamehe mpaka leo. Hilo hakulisema.

Karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mhudumu wa usafi. Wote walimwita Mama Pacha. Aproni yake ilikuwa imekunjwa mapajani. Funguo zake alishanyang'anywa na meneja utawala, kwa kuwa yeye tu, ukimwacha Mlalo, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi, na yeye ndiye aliyeufungua saa kumi na mbili asubuhi ili afagie. Meneja alikuwa ameshatuma ujumbe kwenye grupu la wafanyakazi, picha ya Mama Pacha ikiwa juu yake, kwamba anahojiwa kwa wizi wa simu. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa inapigwa chapa. Itatiwa saini saa sita.

"Kwa nini saa sita?" aliuliza Inspekta.

"Jana alifanya kutwa, leo zamu yake inaishia hapo," alisema meneja, kana kwamba hilo linajieleza.

Ilikuwa saa tatu kasoro. Inspekta aliitazama saa yake na kuvuta kiti.

Alianza na Mlalo.

"Jana jioni ulihesabu simu ngapi?"

"Nane."

"Uliziona kwa macho yako?"

Mlalo aliyatazama maboksi. "Niliona maboksi nane."

"Kwa nini hukuyafungua?"

"Nilichoka, afande. Na hawa ni watu wazima."

Inspekta aliandika. Kwa hiyo hakuna aliyejua kama ile simu ililala ukumbini. Meneja hakulipenda wazo hilo, na alisema hivyo kwa sauti.

Aliyetumia boksi namba tano alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwandishi wa miaka thelathini, ambaye nusu ya wenzake mle ndani walijifunza kuandika sentensi ya kwanza kwake. Walimwita Bi Wino. Miwani yake alikuwa ameichomeka kwenye kilemba. Alieleza kwa ufupi na kwa mpangilio, kama anayesoma habari yake mwenyewe: alirudisha simu ndani ya boksi, akafunga, akaenda nyumbani. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na habari ya mkunga aliyestaafu juzi baada ya miaka arobaini. Alikuwa amekaa naye siku yake ya mwisho kazini, tangu asubuhi hadi alipokabidhi koti.

"Ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana," alisema Bi Wino, akatazama dirishani.

Hiyo siku ya mwisho haiwezi kurudiwa, Inspekta aliwaza, na alimwonea huruma. Sauti, aliyewahi kuwa mtangazaji wa redio na aliyekaa meza namba nne, alimnong'oneza Inspekta mengine. Mwisho wa mwezi gazeti la karatasi linafungwa. Atakayewasilisha video Ijumaa atabaki. Asiyewasilisha atapewa mkono wa kwaheri.

Kisha ikawa zamu ya Mama Pacha. Alijibu akiwa amemtazama Inspekta usoni.

"Jana jioni, kabla ukumbi haujafungwa, ulikuwa wapi?"

"Kwenye korido, napiga deki."

"Nani alikuona?"

"Anayepiga deki nani anamwona, baba? Wanaona sakafu ikiwa chafu."

Mkoba wake ulikuwa umepekuliwa mara mbili. Simu yake ilikuwa ya vibonye, imefungwa kwa raba. Inspekta aliuliza mikoba mingine mingapi imepekuliwa. Koplo wake alitazama chini. Hakuna, alisema, hao wengine ni waandishi.

Saa nne na robo majibu ya kampuni ya simu yalifika. Simu ya boksi namba tano ilionekana mtandaoni mara ya mwisho jana, saa kumi na dakika ishirini na saba jioni. Tangu hapo, kimya.

Mlalo aliposikia saa hiyo alishtuka. "Hapo tulikuwa humu wote. Niliwaambia waweke hali ya ndege."

"Kwa nini?"

"Ili simu isipigwe ikakata kurekodi. Tulikuwa tunarekodi ukimya."

Inspekta aliweka kalamu chini. Katika miaka ishirini na tatu ya kazi hakuwahi kusikia maneno hayo yakisemwa na mtu mwenye akili timamu. Aliomba aelezwe polepole.

Mlalo alieleza, na macho yake yakachangamka kwa mara ya kwanza siku ile. Kila chumba kina ukimya wake. Ukikata mazungumzo ya mtu na kuyaunganisha, pale katikati panabaki shimo, na sikio la mtazamaji hulihisi. Kwa hiyo mwandishi hurekodi dakika moja ya chumba kitupu, bila mtu kusema, akaja kulijaza shimo lile. Jana aliwaamuru wasimamishe simu kwenye stendi, wakae nyuma, wafumbe macho na kusikiliza. Wanane wote, na yeye mwenyewe.

"Na rekodi hizo ziko wapi?"

"Kwenye simu zote." Mlalo alijirekebisha. "Saba."

"Nataka kusikia."

Inspekta alivaa spika za masikioni kama mtu anayevikwa taji. Kwa dakika kadhaa alisahau kabisa kwamba ana kesi. Feni ilivuma. Saa ya ukutani ilipiga hatua zake. Tumbo la mtu lilinguruma, na Sauti akakiri upesi kwamba ni lake, hakuwa amekula mchana. Halafu, kutoka mbali, nje ya mlango: nyii... nyii... nyii.

Inspekta alifungua macho. Alitoka koridoni, akaiona ndoo ya magurudumu ya Mama Pacha imeegeshwa ukutani, akaisukuma kwa mguu.

Nyii.

Alirudi akasikiliza simu zote saba. Kilio cha gurudumu kilianza sekunde ya tatu na kuendelea hadi mwisho wa dakika. Mama Pacha alikuwa ameonekana na masikio saba bila mwenyewe kujua.

"Sawa, jana hakuwemo," alisema meneja. "Lakini asubuhi alikuwa peke yake."

"Ndiyo. Lakini simu saba zilirudi mtandaoni saa kumi na nusu, mazoezi yalipokwisha. Ya nane haikurudi. Kwa nini?"

Meneja alitazama saa yake. Ilikuwa saa tano kamili, na katibu wake alikuwa ameshaileta barua ikiwa ndani ya jalada jekundu.

Inspekta alimwita Sauti. Kulikuwa na kitu kingine mle ndani ya ukimya, kwenye sekunde ya arobaini na moja, mlio mfupi mkavu. Alitaka sikio lililozoea. Sauti alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kwenye simu namba moja mlio ulikuwa hafifu. Namba nane vilevile. Kwenye namba nne na namba sita ulikuwa mkali mpaka mtu anapepesa.

"Umetoka katikati ya hizi mbili," alisema Sauti taratibu.

"Ni mlio wa nini?"

"Kitu kigumu kinachojifunga chenyewe. Chenye springi." Alisita. "Si zipu."

Inspekta alishukuru, akawaomba waandishi wote wakapate chai. Alimwomba Bi Wino abaki. Mama Pacha naye alimwomba abaki, na Mlalo, na meneja na jalada lake.

Tangu asubuhi jambo dogo lilikuwa linamwasha. Bi Wino alipotia saini maelezo yake, aliichomoa miwani kwenye kilemba. Alipomaliza, mkono wake ulikwenda kwenye mkoba, ukasimama, ukarudi kilembani. Mkono wa mtu mzima haupotei njia hivihivi.

"Dada," alisema kwa upole, "kasha la miwani yako liko wapi?"

Bi Wino alifungua mkoba, akatoa kasha jeusi gumu na kuliweka mezani. Alilifungua mwenyewe. Simu ilikuwa ndani, imebanwa barabara. Alipolifunga tena liligonga, tak, na Mlalo akafumba macho.

"Nyumbani wajukuu wanapekua kila kitu," alisema Bi Wino. "Nikaona nitembee nayo."

"Kwa nini?"

Kicheko kilimtoka, kidogo na kichungu. "Niliposhika kalamu, afande, sikuwahi kurudi ofisini mikono mitupu. Hata siku moja. Juzi nimekaa na yule mama kwa saa tisa nzima. Amenipa maisha yake yote. Jana mchana nikafungua nitazame. Video ishirini na tatu. Zote ni miguu yangu. Sakafu. Ndani ya mkoba. Nilibonyeza mara mbili mwanzoni, basi kila nilipodhani naanza, nilikuwa nazima, na kila nilipodhani nimezima, simu ikawa inarekodi nikitembea."

Hakuna aliyecheka. Inspekta alikumbuka mfuko wake wa suruali.

"Ungemwambia mkufunzi."

"Humu ndani nimewafundisha wanne kazi. Nikasimame niwaambie nimeshindwa kubonyeza kitufe? Nikaona simu ikipotea, nitaongezewa wiki. Wakati wamefumba macho nikaizima, nikaitia humu. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha wangu uzeeni."

Alizungumza na Inspekta tu. Mama Pacha aliinuka, aproni mkononi, akaja hadi mezani na kusimama mahali ambapo Bi Wino asingeweza kutomwona.

"Ulijua wanasema ni mimi?"

"Nilijua."

"Ungesema saa ngapi?"

"Jioni. Watu wakishaondoka. Nilipanga jioni, mdogo wangu."

"Mimi nafukuzwa saa sita."

Bi Wino alilitazama jalada jekundu. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Inspekta, aliyekuwa ameona machozi ya kila aina, aliyaamini haya, lakini hakuona kama yanalipa chochote.

Meneja alikohoa. Alisema kwa kuwa mali imepatikana na wahusika ni watu wa nyumbani, yaishe kimyakimya. Akaichana barua vipande viwili na kumnyooshea Mama Pacha funguo zake. Mama Pacha hakuzipokea.

"Kimyakimya hapana," alisema. "Picha yangu haikupita kimyakimya. Mwanangu mmoja anafanya kazi ghala la chini. Ameiona kabla mimi sijaambiwa."

"Nitatuma ujumbe wa kusahihisha," alisema meneja.

"Wewe utatuma wako. Na yeye aseme mwenyewe, nimwone anavyosema."

Inspekta alimwambia Bi Wino kwamba kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa, kwamba maelezo yake yataandikwa upya yote, na mkubwa wake kituoni ndiye atakayeamua. Bi Wino aliitikia kwa kichwa. Kisha, bila kuambiwa, aliichukua simu kutoka kwenye kasha na kuiwasha. Akaifuta kioo kwa kitambaa cha boksi namba tano. Lakini kuifunga kwenye stendi kulimshinda.

Mama Pacha alimtazama akihangaika. Halafu akainyang'anya ile simu, akailalisha, kwa sababu siku nne nzima alikuwa amesikia kelele za Mlalo kupitia mlangoni, akaishika kwa mikono miwili mbele ya uso wa Bi Wino.

"Nabonyeza wapi?"

"Hapo penye chekundu. Mara moja tu."

Mama Pacha alibonyeza. Bi Wino alivuta pumzi, akanyoosha kilemba, kisha akasita.

"Namba zinatembea?" aliuliza.

Mama Pacha alitazama vizuri kabla ya kujibu.

"Zinatembea. Sema."