Mzee wa Iveti

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, stendi ya Machakos haina adabu. Makanga wanavutana na abiria, spika za vibanda zinagombana, na moshi wa mahindi ya kuchoma unaingia macho ya kila apitaye. Katikati ya vurugu hiyo alipita Mwangangi, kofia imegeuzwa nyuma, hudi nyeusi kwenye jua la saa saba, hedifoni shingoni, anakimbilia mahali. Hakukuwa na mahali. Alitoka Athi River, anakokata vitambaa katika kiwanda kimoja cha EPZ, cha nguo za kuuza nje, na alikuwa hivyo siku zote, miguu inamwasha. Hata chai aliinywa akizunguka chumba.

Akaingia kibanda cha Jeremiah, wanapojaza muvi kwenye flashi. Nyuma ya kompyuta alikuwa msichana mwenye gauni la njano na jaketi la jinzi, nywele amezisuka mistari na kuzifunga kwa kitambaa chekundu. Hakuinua macho haraka, na hilo peke yake lilimsumbua Mwangangi.

"Niaje. Uko na muvi yoyote ya hip-hop, lakini ya maana?"

"Niko nayo. Unataka kavu ama ile imetafsiriwa na Mzee wa Iveti?"

"Nani huyo?"

"Anatafsiri kwa Kikamba. Wamama wa huku wanamwelewa kuliko pasta."

Mwangangi akacheka. Akasema hao ndio wanaua filamu, mtu ametunga maneno yake mwaka mzima halafu mzee fulani anakuja kuyapigia kelele juu. Msichana akamuuliza kama amewahi kumsikiza. Akasema hahitaji.

"Basi ikala nthi," akamwambia, yaani keti chini, akamsogezea kreti ya soda. "Mtu akinihukumia vitu akiwa amesimama, ananichosha."

Alikaa kwa muda wa wimbo mmoja, kisha akainuka. Lakini alitoka na namba ya simu, na jina: Nzisa.

Sasa nikwambie mapema, maana sipendi kumzungusha mtu. Mzee wa Iveti alikuwa Nzisa mwenyewe. Nyuma ya kibanda kile kulikuwa na chumba chembamba kilichopigiliwa mablanketi ukutani, na humo ndimo alimoshusha sauti mpaka koo likakwaruza, akawapa Wahindi na Wakorea Kikamba cha Kathiani. Jeremiah, mwenye kibanda, ndiye aliyesema hakuna mtu atanunua muvi inayosimuliwa na msichana. Nzisa aliipenda kazi ile kuliko chochote. Aliificha tu, na alipoanza kumpenda Mwangangi aliificha zaidi, akingoja siku nzuri ya kumwambia.

Na alimpenda, hakuna ubishi. Kila jioni simu ililia, na Mwangangi akaongea akitembea, mpaka Nzisa akawa anasikia mawe ya barabara chini ya viatu vyake. Aliongea mambo yaliyomjaa kichwani. Kwa nini vijana wa Ukambani wanarapu kwa lafudhi ya miji ambayo hawajaiona hata kwenye ramani? Kwa nini gitaa la Kikamba likipigwa harusini kila mtu anatikisa mabega, na Jumatatu anaona aibu likisikika kwenye simu yake? Kwa nini Mwafrika kwenye filamu kubwa ni dereva, na ndiye wa kwanza kufa? Hip-hop, alisema, ni mtu kusimulia kwao kwa mdomo wake. Asiyefanya hivyo ni mwizi wa sauti. Yote haya aliyarekodi kila wiki na kuyaweka mtandaoni, na vijana wa Athi River mpaka Mlolongo wakamsikiza. Aliyasema kwa Sheng na Kiingereza. Kikamba hakukigusa.

"Ikala nthi kwanza, ndio tuongee," Nzisa alizoea kumwambia. "Pumzi yako inanipigia kelele."

Jumapili moja pale People's Park, wakila viazi karai kando ya maji, Mwangangi alizunguka benchi mara kadhaa kisha akasimama mbele yake. Uso ulikuwa umebadilika.

"Unajua, nikiwa na wewe miguu yangu inasahau njia."

Nzisa alitaka kucheka akashindwa. Akafuta pilipili mdomoni polepole, ili apate la kufanya.

"Hiyo umeisoma wapi?"

"Sijaisoma. Imetoka tu."

Siku hiyo angemwambia. Maneno yalikuwa mdomoni, lakini mvua ikaanguka, wakakimbia. Kesho yake Nzisa alichukua filamu ya mwanajeshi wa Kihindi anayeagana na mchumba wake stesheni ya reli. Pale mwanajeshi anapoimba kitu kuhusu mwezi, Nzisa akauondoa mwezi na kuweka maneno ya Mwangangi. Akapanga kumwonyesha Jumamosi inayofuata, aketi, asikie, ajue mwenyewe.

Mwangangi hakungoja Jumamosi. Alhamisi alikosa la kusema kwenye kipindi chake, na mtu asiyeweza kutulia hawezi pia kunyamaza. Akachukua kipande cha Mzee wa Iveti alichotumiwa na rafiki, kipande cha sekunde chache, akakicheza na kukiigiza kwa sauti ya kukoroma. Alisema mzee huyo ni mshamba anayeipaka filamu matope, na kwamba watu wa namna hiyo ndio wanafanya Mkamba achekwe. Kilikuwa kipindi kilichosikizwa kuliko vyote alivyowahi kufanya. Kufikia Ijumaa, makanga wa Machakos walikuwa wanapita kibandani wakikoroma.

Nzisa alikisikia akiwa amesimama kwenye foleni ya mboga, kwenye simu ya mtu mwingine. Aliumia mpaka akasahau alichokuja kununua. Jeremiah naye akamwambia aache kutafsiri, watu wanacheka, biashara inaharibika. Nzisa akazima maiki. Binamu yake alikuwa amemtafutia kazi Syokimau, duka la vifaa vya simu, naye akampigia akasema atakuja.

Simu za Mwangangi hazikushikwa. Alituma ujumbe, akatuma sauti, akatuma hata kicheko. Jibu lilikuja moja tu: "Niko sawa." Jumamosi alifika kibandani, akaambiwa ameenda kwao. Alizunguka mji mzima na jua lake, akasikiliza muziki bila kuusikia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maoni juu ya kitu chochote.

Jumapili Mwangangi akaenda kwao Kathiani kumwona mama yake, Nthambi. Baada ya kanisa alimkuta sebuleni na majirani, leso mabegani, wote wameikazia macho televisheni. Mzee wa Iveti alikuwa kazini, kwenye flashi iliyonunuliwa Machakos wiki hiyo. Mwangangi akageuka kutoka.

"Mwanangu, kaa," mama akasema bila kumtazama. "Zamani nilikuwa naona watu wakilia tu, sijui wanalilia nini. Huyu mzee ndiye alinifungulia. Ngoja hapa, hapa ndio pazuri."

Akasimama mlangoni kwa sababu ya heshima. Kwenye kioo, mwanajeshi alishika mikono ya mchumba wake, na ile sauti nzito ya kukwaruza ikasema kwa Kikamba kwamba nikiwa na wewe miguu yangu inasahau njia. Mchumba akamjibu: ikala nthi, Mwangangi. Kina mama wakaguna kwa raha. Mmoja akasema mwanajeshi huyo ni Mkamba kabisa, hata jina analo.

Maneno hayo Mwangangi alimwambia Nzisa peke yake. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Mtu aliyesimulia kwao kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa hapo siku zote, na yeye alimkoromea mbele ya watu.

Jumatatu hakwenda kiwandani. Alirudi kibandani kwa Jeremiah, akamkuta Nzisa kwenye chumba cha mablanketi aking'oa misumari, begi mlangoni.

"Nilikusikia kwa mama," akasema.

"Mimi nilikusikia sokoni."

Alimwomba msamaha bila mapambo. Akasema atafanya kipindi kingine, amtaje, awaambie watu wote ni nani.

"Usinitaje. Jina langu nitalitaja mwenyewe, siku nikitaka." Akaweka nyundo chini. "Umehukumu kazi yangu kwa sekunde chache. Kuna muvi moja hapa sijaitafsiri. Utakaa uisikize yote, mwanzo mpaka mwisho, kimya. Ukiinuka, mimi naenda Syokimau."

Mwangangi akaketi kwenye kreti. Nzisa akawasha maiki na kushusha sauti. Filamu za Kihindi ni ndefu, wewe unajua. Miguu iliwaka, mikono ikatafuta simu akaikalia, jasho likamtoka ndani ya hudi. Lakini aliona alichokuwa hajawahi kukiona. Nzisa alipumua na wahusika, akalia na mjane, akampa mwizi utani wa stendi, mistari yake ikiangukia mahali pake bila kukosea. Ilikuwa rapu, tena ya kwao. Hakuinuka.

Zikafika picha za mwisho. Bwana harusi alipiga goti, na Nzisa, badala ya kusema, akaisukuma maiki mpaka kwenye mdomo wa Mwangangi. Mwangangi hakuwa amewahi kusema Kikamba kwenye maiki maishani mwake. Kilitoka kikitetemeka.

"Nzisa, nimechoka kusimama. Kama kuna nafasi kando yako, ya maisha, nipe."

Bibi harusi kwenye kioo alifungua mdomo. Nzisa akamjibia, si kwa sauti ya mzee, bali kwa yake mwenyewe, nyembamba na wazi, sauti ambayo hakuna mteja alikuwa amewahi kuisikia kwenye muvi.

"Ikala nthi."

Hawakuifuta sehemu hiyo. Jeremiah alinung'unika, kisha akaona flashi zikiisha, akaagiza nyingine. Mablanketi yakarudi ukutani, na binamu wa Syokimau akaambiwa atafute mtu mwingine. Wiki iliyofuata Mwangangi alikuwa Athi River, anakunywa chai ameketi, simu ikalia. Ilikuwa ni mama.

"Hiyo muvi mpya tumeiona," akasema Nthambi. "Yule bwana harusi nimemzaa mimi, sauti yake naijua. Sasa niambie, huyo Nzisa unamleta lini?"