Mkono Chini ya Blanketi

Kila asubuhi, kabla muuguzi, Sista Febronia, hajapita vitandani, Avelina alikuwa amekwisha rudi kutoka bombani na ndoo yake. Alimnawisha mdogo wake Fideli uso, akakung'uta shuka, kisha akaenda kukoroga uji nyuma ya wodi, pamoja na wanawake wengine wanaouguza. Mama yao alikuwa nyumbani Mugoma na mtoto mchanga. Kwa hiyo kumuuguza Fideli kulimwangukia Avelina, msichana wa darasa la tano.

Ulikuwa mwaka ule watu walipovuka mpaka kwa maelfu wakikimbia vita. Wodi ya wagonjwa mahututi ilikuwa na vitanda vichache, lakini sasa magodoro yalifika hadi mlangoni. Mvua ilipiga bati mchana kutwa. Watu walizungumza kwa sauti ya chini.

Malaria ilikuwa imempanda Fideli kichwani. Kwinini iliingia mwilini mwake tone kwa tone kutoka kwenye chupa ya dripu, ikipitia kanula, yaani kijimrija chembamba kilichoingizwa kwenye mshipa wa mkono na kubandikwa plasta. Kuupata mshipa huo kulikuwa kazi. Fideli alichomwa hapa, akachomwa pale, akalia mpaka sauti ikakauka.

"Avelina," Sista Febronia alisema siku alipoiingiza kanula, "mimi ni mmoja, na wagonjwa unawaona. Niazime macho yako. Mkono huu usifunikwe, usilowane, usichezewe. Ukiona umevimba au unang'aa, ukiugusa una joto, au yeye akisema unamuuma, niite. Hata kama nimeshika mgonjwa mwingine, niite."

"Ndiyo, Sista."

Siku iliyofuata, Fideli alinong'ona, "Dada, unawaka."

"Nini kinawaka?"

"Mkono."

Avelina akatazama. Nyuma ya kiganja palikuwa pametuna. Akainuka aende kumwita Sista, lakini Fideli akamshika gauni.

"Usimwambie. Atanichoma tena. Dada, niapie."

Macho yake yalikuwa makubwa katika uso uliokonda. Avelina akaketi tena. "Basi, nyamaza. Simwambii."

Alasiri Bibi Clotilda akafika, amelowa, na kibuyu cha samli kwapani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mume wangu anaendeleaje?" Bibi alizoea kumtania Fideli hivyo. Leo Fideli hakucheka. Alionyesha mkono tu.

"Uvimbe huu? Babu yako alipoteguka mguu nilimpaka samli, akarudi shambani," alisema Bibi. Akapaka samli kuzunguka plasta, akasugua polepole. Plasta ikalainika, ikateleza. Avelina akachana ukingo wa kanga yake, akafunga mkono, kisha akauvutia blanketi juu.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo Mukeshimana, mama mkimbizi aliyemuuguza binti yake mdogo. "Mbona mnamfunga kama mzigo wa kuni?" akauliza.

"Anasikia baridi," Avelina alijibu.

Jioni Sista alipita. "Huyu vipi?"

"Hajambo, Sista. Amelala."

Sista akaitazama chupa, akaona matone yanashuka, akataka kusema neno. Lakini Mukeshimana akamwita, maana pumzi ya binti yake ilikuwa imebadilika. Sista akaenda mbio.

Kulipokucha, Avelina hakwenda bombani. Fideli alikuwa akiungua kwa homa. Alimtazama dada yake kama mtu asiyemjua.

"Mama," akasema, "Avelina yuko wapi?"

"Ni mimi, Fideli."

"Mwambie aje."

Avelina akainuka. Akavuka magodoro mpaka kwa Sista, aliyekuwa amepiga magoti kitandani kwa Mukeshimana. Pale palikuwa kimya mno. Avelina alitamani kurudi nyuma, lakini akakumbuka alivyoambiwa.

"Sista, nilikudanganya. Mkono wa Fideli umevimba tangu jana. Tumeupaka samli, nikaufunga."

Mukeshimana ndiye aliyesema, bila kumwondolea mtoto wake macho, "Nenda kwa yule, Sista. Huyu wangu amekwisha pumzika."

Sista alifunga dripu, akafungua kitambaa. Mkono ulikuwa umevimba hadi karibu na kiwiko. Kanula ilikuwa imechomoka kwenye mshipa, na usaha ulianza kuonekana pale ilipoingilia.

"Dawa ilikuwa inaingia kwenye nyama, si kwenye damu," alisema. Aliitoa kanula, akausafisha mkono na kuuinua juu ya shuka iliyokunjwa. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, akasugua mkono wa pili wa Fideli kwa spiriti, akangoja ukauke, akatafuta mshipa mwingine. Fideli alilia. Avelina alimshika, akalia naye. Daktari alipopita wodini, akaongeza dawa ya kuzuia usaha.

Homa ilikawia kushuka. Siku Fideli alipoomba uji, kitanda cha Mukeshimana kilikuwa kimekwisha pata mgonjwa mwingine. Kovu lilibaki nyuma ya kiganja cha Fideli, na vidole viwili bado havikunyooka vizuri.

Bibi aliporudi, Sista alimketisha yeye pamoja na Avelina.

"Bibi, samli yako ni nzuri kwenye maharage," alisema. "Karibu na kanula inafungua mlango wa vijidudu. Nami nina kosa langu. Niliona blanketi, sikulifunua. Sasa nitalifunua kila nipitapo." Akamgeukia Avelina. "Ulimfichia kwa sababu unampenda. Lakini ukimficha muuguzi maumivu ya mgonjwa, hujamsaidia mgonjwa, umeusaidia ugonjwa. Sindano inauma, kisha inaisha. Siku nyingine niambie ukweli, hata akikulilia."

"Nitakuambia, Sista."

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa. Akakirudisha kapuni kibuyu cha samli alichokuja nacho tena, akakifunika.

Avelina akaenda kunawa mikono. Aliporudi, alilikunja blanketi la Fideli mpaka mkono wenye kanula ukabaki nje, mahali ambapo kila apitaye angeuona.