Mistari Minne ya Rangi Nyeupe

Jumapili, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Inspekta alilala chali juu ya gunia chini ya pikapu ya marehemu mumewe, akaitia spana nati ya kwanza. Ikazunguka bila ubishi wowote. Akaweka spana chini, akajaribu kwa vidole viwili. Ikazunguka vilevile. Na ya pili, na ya tatu, na ya nne.

Hizo ndizo nati zinazoushika mkono wa usukani kwenye gurudumu la mbele, upande wa kulia. Gari lingetembea hivyo, zingedondoka njiani moja baada ya nyingine, na usukani ungebaki pambo mikononi mwa dereva. Dereva ni mwanawe. Safari ilikuwa kesho alfajiri, kwenye barabara ya mlimani.

Alipaswa kushtuka. Hakuhisi kitu. Tangu mumewe afariki miezi mitano iliyopita, mambo yalimfikia kama redio ya jirani, nyuma ya ukuta. Kwa wiki saba yeye, mwanawe na fundi walikuwa uani kila Jumamosi wakiijenga upya ekseli ya mbele: beringi mpya, sili mpya, grisi hadi kwenye viwiko. Yeye ndiye aliyeshikilia kazi hiyo ifanyike, akidhani mikono ya mwanawe ikipata shughuli, moyo utafuata.

Akafanya analolijua. Akatoa daftari, akaandika saa.

Kilichomsumbua ni rangi. Fundi wao, jirani wa nyumba ya tatu, akishakaza nati kwa mara ya mwisho huchora mstari mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Nati ikilegea, mstari unakatika, mtu anaona kwa macho. Lakini kabla hajazigusa, mistari yote minne ilikuwa imenyooka. Aliyelegeza alizungusha kila nati mizunguko miwili kamili, mpaka mstari ukakutana tena. Aliijua maana ya rangi.

Saa mbili kamili alikuwa kwenye lango la ghala ambako mdogo wa mumewe ni mlinzi.

"Shemeji, jana uliondoka kwangu saa ngapi?"

"Saa nane. Ulinipokea kwa uso wa mahakama, hata maji sikupewa."

"Ulisema hilo gari litazika mwingine."

"Nilisema. Nina mdomo, sina spana. Gari la kaka yangu nilitaka nipewe mimi, likiwa zima. Nikilivunja nitaendesha nini, toroli?"

"Fundi anapaka rangi gani kwenye nati?"

"Nati zinapakwa rangi? Kwani linakwenda harusini?"

Rangi ilipakwa saa kumi na moja jioni. Mwenzake langoni alithibitisha kwamba shemeji aliingia zamu saa tisa na hakutoka mpaka asubuhi. Inspekta akalikata jina lake kwenye daftari.

Fundi, Inspekta alimkuta mlangoni kwake akipiga mswaki.

"Afande, kama nimeshukiwa, niambie nivae viatu kabisa."

"Ulizikaza zile nati?"

"Wewe ulikuwa umeshika kopo la rangi. Uliniona."

Ni kweli, alimwona. Tena fundi mwenyewe ndiye aliyemwambia jana getini, wakiwa wawili tu: kesho kabla ya kulishusha gari kutoka kwenye stendi zinazoliinua, zijaribu nati zote, mimi hupenda mtu mwingine azipitie. Mwenye kulegeza haombi kukaguliwa.

"Baada ya rangi, kilitokea nini?"

Fundi akatema povu. "Uliingia ndani kupokea simu. Nikawa naitazama ile shafti ya zamani, ya ekseli iliyokatika kwenye ajali. Nikamwambia kijana, hii haikukatika yenyewe. Chuma kilichochoka huwa na ufa wa siku nyingi, wenye kutu ndani. Hiki hakina. Kimepinda kwa kugonga kitu, ndipo kikavunjika."

"Akasemaje?"

"'Sawa, fundi.' Alikuwa amenishikia tochi. Mwanga ukaanza kucheza, nikadhani betri."

Inspekta hakuandika hilo. Ripoti ya ajali aliisoma yeye mwenyewe: ekseli ilikatika, gari likaacha njia, abiria akafariki. Abiria ni mumewe. Aliyekuwa kwenye usukani ni mwanawe.

Saa nne na nusu alimkuta binti yake jikoni akisugua sufuria kwa hasira.

"Umeshajiandaa kwa kesho?"

"Siendi. Wiki nzima kaka ananiahidi kiti, jana saa mbili usiku kanikatalia. Eti mzigo ni mwingi. Mama, mzigo wenyewe ni magodoro manne."

"Kakwambia nini kingine?"

"Kanipa funguo za pikipiki yake, eti niizoee. Nikamuuliza, leo umeamkia upande gani? Akacheka, ila macho hayakucheka."

Inspekta akafunga daftari.

Mwanawe alikuwa ameketi kitandani, viatu vimefungwa, kana kwamba anasubiri kuitwa. Mama akavuta kiti.

"Nati nimezikuta."

Kijana akafungua kamba ya kiatu, akaifunga tena.

"Nilidhani kuna mtu anataka kukuua. Nimemtafuta tangu asubuhi."

"Umempata?"

"Nimempata."

Kijana akatazama sakafu. Alipozungumza, sauti haikupanda wala kushuka. "Nililala, Mama. Baba aliniambia nimpishe usukani, nikasema niko sawa. Askari wako akauliza, ekseli ilikatika? Nikaitikia. Tangu hapo kila mtu ananipa pole. Miezi mitano napewa pole ya uongo. Jana fundi alipoongea, nikaona mwisho umefika."

"Kwa nini nati?"

"Nilitaka iwe kweli. Gari lililegea, likatuua wote wawili. Na mimi nisiwepo mkijua."

"Bado unataka kufa?"

Alikuwa ameuliza watu maswali kwa miaka ishirini na sita. Hili lilimtoka polepole kuliko yote.

"Sijui."

"Jibu hilo nalipokea. Kuanzia sasa hukai peke yako, hata dakika moja. Leo tunakwenda kwa daktari. Kesho tutakwenda kituoni, utasema uliyoniambia, na mimi nitaketi upande wako wa meza."

"Utanichukia."

"Labda nitakasirika. Huo upande wa meza siondoki."

Akamwita binti yake. Msichana akaja na mikono yenye povu, akasikiliza yote akiwa amesimama mlangoni. Kisha akafuta mikono kwenye gauni.

"Kaka, sogea."

Akakaa kwenye nafasi aliyopewa. Mama naye akahamia kitandani, watatu wakabanana kwenye godoro la mtu mmoja. Baada ya muda Inspekta alihisi bega lake limelowa. Hakujua ni machozi ya nani, ila aliyahisi.