Saa Moja na Dakika Ishirini na Nne

"Zimekwenda wapi?"

Fundi alikuwa bado mlangoni, kiatu kimoja mkononi, jasho likimchuruzika mpaka kwenye kope. Mumewe aliketi mezani na karatasi ya hesabu mbele yake.

"Nini hizo?"

"Saa moja na dakika ishirini na nne. Umeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kilomita ishirini na nne, kila kilomita dakika sita, ulipaswa kuwa hapa saa mbili na dakika ishirini na nne. Sasa ni saa tatu na dakika arobaini na nane."

"Nani kakwambia nakimbia dakika sita?"

"Kila mtu anakimbia dakika sita. Mimi shuleni nilikimbia tano."

Mumewe alikuwa mpima ardhi, na watu wa kazi hiyo ukiwaambia mpaka umesogea hawabishani nawe, wanatoa kamba. Kwa miaka kumi na tano ya ndoa alishapima kila kitu ndani ya nyumba ile isipokuwa mwendo wa mkewe. Fundi alishona sare za shule, ameketi tangu asubuhi mpaka jioni. Alikuwa na miaka arobaini na moja na mwili uliojaa, akikimbia kilomita moja kwa dakika tisa na nusu. Siku ya upepo, kumi.

"Zimekwenda miguuni mwangu," alisema.

"Nilikuwa darajani." Mpima alishusha sauti. "Kilomita ya kumi na sita. Nimefika saa moja na nusu, nikakaa garini mpaka saa mbili kamili. Hukupita."

"Nimepita saa mbili na nusu."

"Na kinyozi?"

Kumbe hapo ndipo palipokuwa pakimwasha. Kinyozi wa mtaa wa pili alikuwa mtu pekee mwenye mwendo mzito kama wa Fundi katika kundi lao la wakimbiaji. Wenzao wakishatimua mbio, wao wawili hubaki nyuma wakihesabu nguzo za umeme na kulalamikia magoti.

"Tulikuwa wote. Kama kila Jumapili."

"Wote. Saa nzima na ushei."

"Wewe mwanaume, unanitafuta nini?"

Mpima alikunja karatasi yake vizuri, akaitia mfukoni.

Laiti angeiacha humo. Kesho yake alasiri aliibeba mpaka kwenye duka la kinyozi, akaisoma kwa sauti mbele ya wateja, mmoja wao kichwa kimenyolewa nusu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Jioni simu ya Fundi ililia juu ya cherehani.

"Dada, samahani. Mke wangu ameyasikia mtaani, hapa nyumbani hapakaliki. Sitaweza kukimbia nawe tena. Usiache lakini."

Fundi aliusoma ujumbe mara mbili, akainuka, akatoa begi chini ya kitanda.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alimwambia mumewe.

"Acha hizo mbio tuyamalize. Mbio au nyumba, chagua."

"Unajua mama yangu alikufaje?"

"Presha."

"Alikufa ameketi kwenye cherehani hii hii, mguu kwenye kanyagio. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mimi mwakani nafika. Daktari kaniambia inuka, nimeinuka. Halafu wewe unaniuliza dakika zimekwenda wapi."

Fundi akabeba begi, akaenda zake kwa dada yake.

Wiki nne zilizobaki kabla ya marathoni alikimbia peke yake, na hazikuwa nzuri. Kila mwanaume aliyempita barabarani alimfanya ageuke nyuma kuona kama kuna gari limeegeshwa. Usingizi ulimpaa. Alimchukia mumewe kuanzia asubuhi, na ikifika saa ya chai alikuwa anamkumbuka, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Wiki ya tatu Mpima aliandika: "Rudi nyumbani."

Fundi alijibu: "Kwanza nirudishie jina langu."

"Shemeji hana maneno?" aliuliza dada yake.

"Ana hesabu tu."

"Basi na mbio zenyewe unazimaliza?"

"Mstari wa mwisho unafungwa saa saba mchana, yaani muda wa saa saba tangu kuanza. Nikimaliza, basi ni kwa kubanwa mlangoni."

Siku yenyewe walianza saa kumi na mbili asubuhi. Kufika saa nne Fundi alikuwa hana mtu mbele wala nyuma, isipokuwa lile gari la kuwazoa waliochelewa, likinguruma mbali kidogo. Kilomita ya thelathini na sita ilikuwa pale pale darajani. Saa sita kasorobo alipanda daraja akiwa anaburuza mguu wa kushoto. Ukingoni alisimama mwanaume mwenye kipara, viatu vya kazini, daftari kwapani.

"Mke wangu."

Fundi hakusimama. Akisimama, gari lile lingemzoa.

"Kama una neno, lisemee njiani."

Mpima akaanza kukimbia pembeni yake.

"Niko hapa tangu saa mbili."

"Kwa hesabu zako ningepita saa tatu na nusu."

"Ndiyo. Ikapita saa tatu na nusu, nikakaa. Ikapita nne. Ikapita tano. Sikujua kusubiri kunauma hivi."

"Kichwa chako kimefanyaje?"

"Jana duka la kinyozi lilikuwa limejaa. Nikakaa kwenye kiti, nikasema mbele ya wote kwamba nilikosea. Kwamba mke wangu hana doa na yeye hana doa. Akaninyoa chote. Hakuniuliza ninataka vipi."

Fundi aliuma mdomo asicheke. Kucheka kungemmalizia pumzi.

"Na mkewe?"

"Nilikwenda mpaka nyumbani kwao. Leo yuko kwenye mstari anamsubiri. Kinyozi amepita hapa dakika kumi zilizopita, ameniambia nisithubutu kukusimamisha."

"Nini kimekubadilisha?"

"Wiki jana nilijaribu hizo dakika sita zangu." Sasa alikuwa anahema. "Kilomita ya tisa nikakaa chini kando ya barabara. Nikarudi nyumbani kwa miguu. Niliona aibu."

"Bado nina hasira nawe."

"Najua."

"Nyingi."

"Najua, mke wangu. Nilikuogopa. Ulianza kwenda mahali nisipoweza kupapima."

Kilomita ya thelathini na nane viatu vya kazini vilimshinda Mpima. Alivivua, akavishika mkononi.

"Nenda," alisema. "Mimi nitafika."

Fundi alikwenda. Machozi na jasho vilichanganyika, hakufuta. Alivuka mstari zikiwa zimebaki dakika nne. Kinyozi na mkewe walikuwa wa kwanza kumshika, na mkewe ndiye aliyemvisha khanga mabegani.

"Twende tukupeleke kwa dada yako," alisema yule mama.

"Tangulieni. Kuna mtu namsubiri."

Vibarua walianza kubomoa vizuizi. Waliondoa mabango, wakakunja mahema, wakamwomba ahamishe kiti mara mbili. Ndipo akamwona anakuja, peku, kipara kinang'aa juani, anachechemea.

Fundi alitazama saa yake.

"Dakika arobaini," alisema. "Zimekwenda wapi?"

Mpima alikaa chini kwenye lami, mbele ya miguu ya mkewe.

"Miguuni," alisema.

Fundi alimwekea mkono juu ya kile kipara. Walikaa hivyo mpaka hema la mwisho likapakiwa.

"Begi langu liko kwa dada," alisema hatimaye. "Gari uliliacha wapi?"

"Darajani."

Walitazama barabara waliyotokea, kilomita sita na zaidi, yote jua.

"Nenda kalilete," alisema Fundi. "Nitakusubiri, hata ukichelewa."