Mashine Iliyosaga Hewa

Siku mdogo wake alipokufa, Sindano alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa la ghala, darubini machoni, akihesabu makreti.

Kumi na tisa. Ishirini.

Redio ikakoroma sikioni.

"Sindano, shuka."

"Siwezi, Bosi. Wanapakia mzigo kwenye Fuso sasa hivi."

"Shuka, dada. Ni nyumbani kwenu."

Akashuka. Hakukimbia. Lile Fuso likaondoka na viwashio vya mabomu vya kutosha kubomoa mtaa mzima, na Idara ya Usalama haikuliona tena. Upande wa pili wa mji, gari lililomgonga mdogo wake nalo halikusimama.

Jumatatu moja, hasara mbili. Moja iliandikiwa ripoti.

Wiki tatu baadaye alikuwa chumbani kwa marehemu, amekaa sakafuni, bado hajalia. Si kwamba alijikaza. Alikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona, ni wako, lakini ukiugusa hausikii.

Mama yake alichungulia mlangoni.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Muongo. Kile kidude chake kimepatikana?"

"Bado."

Kidude ni kinasa sauti, Zoom ndogo nyeusi yenye masikio mawili kama panya. Hakikuonekana pale barabarani. Mama hakuuliza habari za gari wala za dereva. Kila siku aliuliza kidude tu, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na dakika za mwisho za mwanawe.

Majirani walimwita marehemu Fundi Kelele. Kila Jumatatu alizunguka kona nne za mji, zilezile, saa zilezile, dakika kumi na moja kila kona, akinasa chochote kilichopita: nyundo, honi, wachuuzi wakitupiana maneno. Nyumbani alizipanga sauti hizo kwenye kompyuta, wiki juu ya wiki, mpaka kuhama kwa fundi bati kukawa besi iliyopungua, na shule mpya ikawa kengele iliyodandia wimbo katikati.

"Mji unaimba, dada. Ila unabadilisha wimbo bila kumuaga mtu."

"Na wewe ukikua utafanya kazi gani?" Sindano alimjibu hivyo kila mara, na kila mara walicheka.

Simu ikatetemeka.

"Likizo imekwisha," alisema Bosi. "Mzigo bado uko mjini. Yule mtaalamu wao wa mabomu, Mhandisi, anautoa leo saa sita mchana. Kesho wanalipua stesheni ya treni, na kesho shule zinafungwa. Unajua watakuwepo watoto wangapi pale?"

"Umefichwa wapi?"

"Ningejua ningekupigia simu?"

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Daftari la marehemu lilikuwa wazi mapajani mwake. Mstari wa mwisho ulisema: *Wiki ya arobaini, kona ya pili. Mashine ya kusaga imepanda nusu sauti. Haina kitu tumboni. Jumatatu nitasogea karibu.*

Ndiyo Jumatatu aliyokufa.

Sindano akavaa vipokea sauti vya Sony. Kwenye kompyuta ya marehemu akafungua wiki ya thelathini na saba, kona ya pili. Mashine ilinguruma kwa uzito, ikazama kila mahindi yalipomiminwa, ikainuka tena. Wanawake waligombania foleni.

Akafungua wiki ya arobaini.

Mlio mwembamba, umenyooka kama uzi. Hauzami. Na hakuna mwanamke hata mmoja.

Akapiga simu.

"Bosi, nimeupata."

"Wapi?"

"Kwenye muziki wa marehemu."

Bosi akasema taratibu: "Dada yangu, labda upumzike kidogo."

"Kuna mashine inasaga kutwa nzima bila mahindi. Nani anachoma dizeli kujifurahisha? Wana kelele nyingine nyuma, wanaifunika."

Bosi alivuta pumzi.

"Nakupa watu wanne. Usipoupata, sote wawili tutafute vibarua."

Saa tano na robo alishuka kona ya pili, kanga kichwani, mfuko wa mahindi begani. Ndani ya mahindi mlikuwa na bastola yake, Glock. Vijana wa Idara walikuwa kwenye Hiace nyuma ya duka la rangi.

Mbele ya mashine alisimama pande la mtu, mikono kifuani.

"Hatusagi leo, mama."

"Mbona naisikia inasaga?"

"Inajaribiwa."

"Wiki zote hizi? Hata mtihani wa taifa una mwisho, mwanangu."

Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara akaangua kicheko. "Mwambie, shoga! Hao hawasagi, wanaringa! Sisi tunatembea mpaka mtaa wa tatu na ndoo vichwani!"

Pande la mtu likageuka kumjibu.

Kosa.

Sindano alishapita. Akaangalia chini. Sakafu ya mashine ya kusaga, na haina hata chembe ya unga. Wahalifu walikumbuka dizeli, walikumbuka mlinzi. Unga hawakuukumbuka.

Akavuta wenzo wa injini. Mashine ikakohoa, ikafa.

Mtaa mzima ukanyamaza. Na katika ukimya ule, nyuma ya ukuta wa mabati, keekee iliendelea kutoboa chuma. Sekunde moja. Mbili. Kila mtu barabarani aliisikia.

"Chumba cha nyuma," Sindano alisema kwenye redio. "Ingieni."

Glock ikatoka na punje za mahindi. Teke moja, mlango ukalala. Makreti ishirini. Watu watatu wenye miwani ya kazi, mikono tayari hewani. Wa nne, Mhandisi, alinyoosha mkono kuelekea mezani, kwenye bastola.

Sindano akafyatua. Bastola ikaruka na kidole.

Hakuhisi kitu. Hata mtikisiko wa bunduki ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Kando ya damu, mezani, kilikaa kidude cheusi chenye masikio mawili.

"Yule kijana alikuwa wa idara gani?" Mhandisi aliuliza kwa meno yaliyobana. "Nilimkuta amekitega dirishani kwangu. Jasusi hodari. Hakusema neno mpaka tulipompeleka barabarani, mbele ya gari."

"Alikuwa mwanamuziki."

Mhandisi akacheka. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Bosi alifika wakati Mhandisi anafungwa kitambaa mkononi. Alikagua makreti, akakagua karatasi, uso ukakunjamana.

"Hati zote ni za majina ya watu wengine. Atasema alikuja kutengeneza mashine, na aliyoyatamka hapa atayakana. Wakili wake atamtoa kabla ya Ijumaa. Kuna kingine humu?"

Sindano alikuwa ametia mkono mfukoni. Hakuna aliyemwona akikichukua kile kidude. Kilikuwa chepesi, na Mama alikuwa nyumbani anasubiri.

Alihesabu mpaka kumi, kama anavyohesabu kabla ya kulenga.

Akakitoa.

"Kilikuwa dirishani kwao, kinanasa. Sauti ya Mhandisi lazima imo, akiamuru kijana apelekwe barabarani."

"Umekisikiliza?"

"Hapana."

Bosi alikitazama, akamtazama yeye. "Nikikipokea, dada, hakirudi leo wala kesho. Unalijua hilo."

"Andika risiti."

Sindano akaweka sahihi. Akavua kanga, akakung'uta punje za mahindi, akavaa miwani ya jua. Akapita katikati ya umati uliojaa mlangoni, akaenda zake kwa miguu, polepole.

Muuza mkaa akamfuata kwa sauti: "Shoga, na mahindi yako je?"

"Chukua."

Nyumbani alimweleza Mama yote, na Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kipo."

"Kipo, Mama."

Kiko stoo ya ushahidi, rafu ya sita, ndani ya bahasha yenye muhuri. Kesi itaanza mwezi wa kumi na moja. Mpaka hukumu itolewe, ndugu wa marehemu hawaruhusiwi kukisikiliza.